Lone Ranger ya 1949 kwa flashi ya mia mbili: inunue, lakini macho weka kwa Tonto

Kama unafikiria kununua Lone Ranger, kile kipindi cha kauboi cha kitambo kabisa cha televisheni, si ile muvi ya 2013 ya Johnny Depp, wacha nikwambie mapema usije ukanilaumu: nunua. Ila nunua ukijua unabeba nini nyumbani, juu hii kitu iko na upande wa pili ambao hakuna mtu wa duka atakuelezea. Mimi nimeipea tatu na nusu kwa tano na hiyo nusu ni ya Jay Silverheels, aliyeigiza Tonto, peke yake.

Mambo ya duka nitamaliza haraka. Niliitoa kwa duka moja la muvi hapa Nakuru tauni, jina sitaji, ni yale ya kupanda ngazi unapita mtu wa simu na mtu wa kucha, ukifika juu kuna kijana na kompyuta mbili na feni inayopiga kelele, unampea flashi anakujazia. Flashi nzima shilingi mia mbili. Aliniuliza kama niko na uhakika, "Madam, hii haina hata rangi, si nikuwekee za Wakorea?" nikamwambia weka tu hiyo. Kufika nyumbani nakuta majina ya faili yamechanganywa vibaya sana, ile ya kwanza kabisa imewekwa katikati, zingine sauti inatangulia mdomo, na moja inakata pale pale adui anataka kusema nani alimtuma. Nikamrudishia, akanibadilishia hizo mbovu bila maneno mengi, kwa hivyo huduma si mbaya, lakini ukienda kaa hapo kwa benchi ufungue faili kadhaa kabla hujashuka ngazi. Picha yenyewe iko sawa kwa umri wake.

Sasa kipindi. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 15 Septemba 1949 kwa stesheni ya ABC, ikaenda mpaka 1957, episodi 221, kila moja nusu saa ukihesabu na matangazo. Kabla ya hapo ilikuwa ya redio, ilizaliwa Detroit mwaka wa 1933 kwa stesheni ya WXYZ, mwenye stesheni alikuwa anaitwa George W. Trendle na mwandishi ni Fran Striker. Hiyo asili ya redio utaisikia mpaka kwa TV, kuna sauti ya mtu inakueleza kila kitu hata kile unakiona na macho yako mawili, farasi anakimbia na sauti inakwambia farasi anakimbia. Sisi tuliokulia kwa DJ Afro na tafsiri zake za muvi hatuoni ajabu, tofauti ni kwamba huyu hana utani hata kidogo, anaongea ni kama anasoma habari za saa moja. Na kuna ile myuziki ya mwanzo ya Rossini, ya William Tell, ambayo mtoto wa dada yangu anaishi kuipiga na mdomo akiosha vyombo mpaka nimemwambia apunguze.

Usianze ovyo. Anza na zile episodi tatu za kwanza juu zinaenda pamoja na ndizo tamu kushinda zingine zote. Askari sita wa Texas, wanaitwa Rangers, wanafuata genge la Butch Cavendish. Kuna jamaa anaitwa Collins ndiye anawaonyesha njia, kumbe ameshawauza, anawapeleka mpaka kwa korongo moja la mawe na genge liko juu linangoja. Wanapigwa risasi wote. Genge linaenda likijua kazi imeisha. Halafu anakuja Tonto, mwenyeji wa hiyo nchi, peke yake na farasi wake, anakuta mmoja bado anapumua, na huyo ndiye atakuwa Lone Ranger. Anambeba mpaka kwa maji na kivuli, anamfunga vidonda, anamchunga mpaka anaamka. Kumbe wanajuana toka utotoni, huyu mzungu alimsaidia Tonto wakati watu wake walivamiwa wakauawa. Wanazika wale watano, na hapo kunachimbwa kaburi la sita, tupu, ndio Cavendish akirudi kuhesabu ajue wote wamekwisha. Mask inakatwa kutoka kwa kizibao cha marehemu ndugu yake, kapteni wa kikosi.

Niangalilie hapo kidogo. Kamera imekaa tu inaangalia makaburi sita yamepangwa laini moja, na wewe unajua moja ni la uongo. Hakuna damu, hakuna mtu analia kwa sauti, na bado inaingia. Kwa kipindi cha watoto cha mwaka wa 1949, hao watu walijua kazi. Bajeti ilikuwa ndogo, utaona mawe yale yale yanarudi episodi baada ya episodi, ati leo ni Texas kesho ni kwingine na mawe ni ya California tu, lakini stori ikiwa imeshika hutajali.

Halafu maadili, na hapa ndipo wazazi mtapenda. Huyu stari hanywi, havuti, hatukani, anaongea lugha safi kama mwalimu wa shule ya zamani. Bunduki anatoa lakini hapigi mtu kumuua, anapiga mkono bunduki ya adui ianguke. Risasi zake ni za fedha, eti zimkumbushe kwamba maisha ni ghali na risasi haifai kutupwa ovyo. Akishika mwizi anampeleka kwa sherifu, hachomi mtu na tairi. Halipwi. Akimaliza kusaidia anapanda farasi wake Silver anaenda zake na watu wanabaki wakiulizana yule mwenye mask alikuwa nani, wakati hapa kwetu mtu akikusukumia gari lililokwama kwa matope anakaa hapo kando ya dirisha mpaka utoe kitu. Striker mwenyewe aliandika kiapo cha huyu mtu, anayoamini, na kuna pahali nilipenda sana, anasema Mungu ameweka kuni pale lakini kila mtu lazima aende akaziokote na aziwashe mwenyewe. Shosho yangu angekubali hiyo bila swali.

Kiapo hicho hicho kinasema watu wote wameumbwa sawa. Haya basi, tuone Tonto.

Tonto ndiye alimuokoa. Tonto ndiye anasoma nyayo, anajua dawa, anajua mahali maji yako, anatumwa mjini kusikiliza watu wanasema nini. Na hiyo ya kutumwa mjini, jamani. Mpango ni ule ule, stari anamwambia enda mjini uchunguze, Tonto anasema haya, anaenda, na mara nyingi kinachofuata ni kipigo. Anapigwa na walevi, anasingiziwa ameiba farasi, anafungwa, anatoroka, anarudi na habari ambayo bila hiyo stari asingejua aanzie wapi. Mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Anti, kwani yeye mwenyewe hajui njia ya mjini?" Nikacheka, halafu nikaona ni swali zuri kuliko vitu vingi wakubwa wameandika. Jibu la kipindi ni kwamba yeye ana mask, watu watashtuka. Sawa. Lakini mask ni nani alisema lazima aivae kila siku?

Na kuongea. Stari anaongea ile lugha iliyonyooka, Tonto amepewa ile ya kukatika, "mimi kwenda mjini, mimi kuona watu wabaya", tangu 1949 mpaka 1957, miaka yote hiyo wanalala kando ya moto mmoja na Kingereza chake hakisongi mbele hata hatua moja. Mtu mwenye akili ya kufuata genge jangwani usiku hawezi kujifunza kuunganisha maneno matatu? Na Jay Silverheels mwenyewe alikuwa anaongea Kingereza kama wewe na mimi, pengine kutushinda. Alikuwa Mmohawk, alizaliwa 1912 huko Ontario, Kanada, kwa ardhi ya Six Nations kando ya mto Grand, jina lake la kuzaliwa ni Harold Smith, akaingia Marekani kama mchezaji wa lakrosi, ule mchezo wa mpira na vijiti vya wavu, alikuwa bondia pia. Kwa kipindi wanasema Tonto ni Mpotawatomi, na Wapotawatomi asili yao ni upande wa yale maziwa makubwa ya kaskazini, mbali sana na Texas. Ni kama wachukue Mtaita wamvalishe shuka wamwite Mmaasai halafu wampeleke Turkana akaongee Kiswahili cha mtalii. Kwa aliyeandika, wenyeji ni wenyeji, mradi kuna unyoya na ngozi.

Lakini sikia, hapa ndipo nilipata kitu sikutarajia. Kwa ploti yetu kuna mzee mmoja Mbukusu, sote tunamwita kuka, alikuwa toto wa jikoni kwa shamba la setla upande wa Molo kabla ya uhuru, babake alikuwa kwa pareto. Alikuja kuketi na sisi jioni moja stima ikiwa kwake imeenda, akaangalia episodi nzima kimya, chai inapoa mkononi. Tonto akasema lile neno lake la mimi-kwenda-mimi-kuona, kuka akaanza kucheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikadhani anacheka Tonto. Akasema, "Hawa watu wamegeuza. Huyu anaongea kama bwana yetu wa Molo!" Halafu akasimama, akaweka mikono nyuma, akatutolea sauti ya huyo mzungu wake: "Wewe hapana sikia? Mimi taka chai moto! Wewe enda ita ile mtu ya farasi!"

Kisetla. Wazee wa huku wanakijua. Kwa mashamba ya Nakuru, Njoro, Molo mpaka Kitale, aliyekuwa anavunja lugha ni mwenye shamba. Toto wa jikoni alikuwa na lugha ya mama, Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjin cha majirani kwa laini (zile nyumba za wafanyakazi), na Kingereza cha kusikilizia mlangoni, na mzungu miaka ishirini hapa bado anasema "hapana sikia". Kuka anasema wakirudi laini jioni walikuwa wanamwigiza mpaka wanalia machozi. Lakini hiyo hakuna mtu aliandika kwa sinema. Aliyekuwa na kamera ndiye aliamua nani ataonekana hajui kuongea, na ukiwa umekaa Nakuru na mtu ambaye alikuwepo, unaona huo mpango waziwazi kuliko mtazamaji wa Chicago angeona hata siku moja.

Kuka hakumdharau Tonto lakini. Alisema huyo ndiye anafanya kazi yote na anajua anafanya kazi yote, muangalie macho. Na ukiangalia ni kweli. Silverheels hajapewa maneno kwa hivyo anaigiza na kila kitu kingine. Stari akiwa anaeleza mpango mrefu, Tonto anatazama upande mwingine, anasikiliza barabara. Akitukanwa kwa baa (ambayo kwa kipindi wanaiita mkahawa juu ya watoto) hashushi kichwa, anatulia tu, uso haubadiliki ila taya. Clayton Moore, ndiye Lone Ranger mwenyewe, naye si mbaya, ana kifua na sauti na anakaa kwa farasi vizuri, na naamini alikuwa anaamini anachofanya, lakini yeye amepewa kila kitu kwa maandishi. Huyu mwingine alipewa nusu sentensi na akaijaza mpaka ikatosha.

Sasa ardhi. Utaona episodi nyingi sana ni stori ya shamba. Kuna mkulima mzungu na binti yake, kuna tajiri wa mjini anataka kuwanyang'anya shamba kwa karatasi feki juu reli inapita hapo au kuna fedha chini, Lone Ranger anaingia, karatasi feki inapatikana, mkulima anabaki na shamba lake, kwisha. Mtu wa Nakuru anaelewa hiyo stori haraka, hatuhitaji mtu atufafanulie mambo ya taitol feki. Lakini angalia swali ambalo halijaulizwa hata kwa episodi moja kati ya zile nimeona: huyo mkulima alipata wapi? Tonto amesimama hapo hapo kando ya ua wa ng'ombe, anasaidia kutafuta taitol ya mzungu.

Nisiwe mkali bure, kipindi hakiwaonyeshi wenyeji kama wanyama wa kupigwa risasi tu vile muvi nyingi za wakati huo zilikuwa. Ziko episodi ambapo mkataba umevunjwa na mzungu, au mzungu anawauzia bunduki na pombe ndio vita ianze, na stari anasimama upande wa wenyeji. Kwa 1950 hivi hiyo haikuwa kitu kidogo na lazima niiseme. Shida ni kwamba ubaya kila mara ni wa mtu mmoja. Mfanyabiashara mmoja mwenye tamaa, afisa mmoja mwizi, akishikwa basi amani imerudi na kila mtu abaki pale alipo. Na wale wamebaki ndani ya shamba wanabaki, na wale wamebaki nje wanabaki nje. Mpango wenyewe haushikwi na sherifu.

Sisi tunakaa juu ya stori kama hiyo hiyo. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitolewa kwa hili bonde, Naivasha mpaka hapa Nakuru, kwa makubaliano, wengine wakapelekwa Laikipia wakiambiwa huko ni kwao milele, na 1911 wakatolewa tena huko Laikipia. 1913 walienda kortini na korti ikasema ule ni mkataba kama wa nchi na nchi, haiwezi kuusikiliza. 1905 Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliitwa mazungumzo ya amani na afisa wa Waingereza, Meinertzhagen, akapigwa risasi hapo hapo. Na 1908 Makaburu wa van Rensburg, familia 47, walishuka gari moshi hapa hapa Nakuru, wakafunga ng'ombe kwa mikokoteni yao ya turubai, wakapanda kwenda Uasin Gishu. Mikokoteni ile ile unaiona kwa Lone Ranger, jamani, ilipita hapa. Tofauti ni tumeisikia kutoka kwa wale walikuwa wanaiangalia ikipita. Kwa TV kamera imepakiwa ndani ya mkokoteni, na nje ni vumbi na watu wasio na majina.

Na tarehe zenyewe zinachoma. Kipindi kikiwa hewani, 1953, bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuanza kufuta hadhi ya makabila ya wenyeji, yaani serikali iache kuyatambua na kulinda ardhi yao. Mtoto wa Marekani anaangalia Tonto jioni, anakula nafaka za General Mills waliokuwa wanadhamini kipindi, na huko nyuma watu halisi wa Tonto wanaambiwa kabila lenu litafutwa kwa kitabu. Huku kwetu mwaka huo huo ni hali ya hatari, imetangazwa Oktoba 1952, na Wakikuyu wanatolewa kwa mashamba ya Rift Valley kwa malori. Sisemi waliotengeneza kipindi walikuwa wanajua habari ya Molo, walijuaje. Nasema tu ukiangalia leo ukiwa huku, hizo picha zinakaa pamoja zenyewe.

Kuna watu ambao hata hiyo nusu sentensi hawakupata. Wanahistoria wanakadiria karibu kauboi mmoja kwa kila wanne alikuwa mweusi, na wengine wengi Wamexico, tena hao Wamexico ndio wenye kazi, kamba na tandiko na mambo mengi ya kauboi yametoka kwao. Kwa hii flashi yangu mweusi sijamuona. Ile stori inazunguka WhatsApp ati Lone Ranger wa kweli alikuwa Bass Reeves, mtumwa wa zamani akawa naibu wa mashali (askari wa serikali kuu ya Marekani) tangu 1875 na akashika watu zaidi ya elfu tatu, mtu mwenyewe ni wa kweli kabisa na maisha yake yanashinda hii kipindi mbali, lakini ya kwamba Striker alimtumia yeye hakuna karatasi inaonyesha, kwa hivyo msiniletee hiyo kwa komenti. Wanawake nao ni wa kulia, kufungwa kamba na kushukuru mwisho. Sina mengi hapo.

Vile hao waigizaji wawili waliishi baadaye kulinifanya niwaheshimu zaidi. Moore aliendelea kuvaa mask kwa shughuli za umma miaka mingi, mpaka 1979 wenye haki za jina wakaenda kortini wakamzuia, akaanza kuvaa miwani nyeusi badala yake, mzee mzima, na baada ya miaka kadhaa wakamwachilia tena. Silverheels alifungua mafunzo ya waigizaji wenyeji huko Los Angeles miaka ya sitini, ndio wale vijana wapate nafasi ya kucheza watu wao wenyewe badala ya mzungu kupakwa rangi. Aliwahi pia kuingia kwa kipindi cha Johnny Carson kama Tonto amefutwa kazi anatafuta ingine, anacheka ile kazi yote ya kutumwa. Mtu aliyekuwa na utani mkali hivyo, na walimpa kusema "mimi kwenda". 1979 akapata nyota yake Hollywood, na Machi 1980 akafariki. Halafu 2013 wakarudi tena wakampa Johnny Depp hiyo nafasi, na siwezi kusema zaidi.

Kwa watoto? Mimi nawaachia waangalie. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi, amechukua pale pa kutopiga mtu akiwa chini na pale pa kuni, amechukua pia kwamba Tonto anaonewa na amesema mwenyewe bila mimi kumsukuma. Chenye sitafanya ni kuwasha halafu niende jikoni, juu ukiachwa peke yako na hii kitu kwa masaa inakulaza, myuziki ni tamu, kila mtu mbaya anashikwa, na ukiamka umeshakubali kwamba ile nchi ilikuwa tupu. Kaa nao. Kama kuna mzee kwa ploti aliyefanya kazi kwa setla, mwite na umpikie chai.

Kuhusu nini uchukue. Sizoni ya kwanza lote, usiruke. Ya pili iko sawa. Ya tatu uamue mwenyewe, hapo Moore alitolewa akawekwa John Hart, na mask haimfichi, sauti si hiyo na kukaa kwa farasi si huko, nyumbani kwangu kulikuwa na malalamiko ya nguvu, lakini Silverheels bado yuko na kwa sababu pembeni yake ni mgeni unaona vizuri zaidi nani alikuwa anabeba kipindi. Ya nne Moore amerudi. Ya tano ndiyo ya rangi, na hiyo iangalie hata kama umechoka, ni mara ya kwanza utajua Scout, farasi wa Tonto, ana mabaka ya aina gani.

Bei ukinunua kwa sizoni moja moja unaweza kupata nafuu kuliko flashi nzima, bargain. Kwa wale wa Kisumu, ndugu yangu amezunguka maduka ya huko akakosa, akanitumia flashi na matatu nikamjazia kwa huyu huyu kijana, kwa hivyo inawezekana ukiwa na mtu hapa. Na muulize akuwekee za MP4, zingine amezihifadhi kwa aina ambayo TV yangu ya kawaida inakataa kusoma, inabidi laptopu.